Kupigania Lango Bila Dadu

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Miguu ya mama ni ile ile, leo afadhali, kesho malalamiko. Habari za huko na joto la tanuri? Natumaini na wewe unakula, si kuwaokea watu tu.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa mchezo wetu. Barua yako inasema ulirusha dadu ukapata sita, kwa hiyo Nyakua karuka ukuta. Ya kabla yake, sita. Ya kabla ya hiyo, sita tena! We mtoto, hiyo dadu umeifundisha lini? Nilimsomea mama, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Zamani tukicheza chini ya meza ya kushonea, mimi Bibi Shoka mkuu wa mji, wewe Nyakua mwizi, kila mmoja aliona dadu ikianguka. Tulipogawana dadu, moja kwako moja kwangu, hatukufikiria nani ataiona ikianguka.

Basi mimi sirushi tena. Nimepata njia nyingine nikiwa napinda sare za shule. Kila mmoja aseme mtu wake anataka nini, na yuko tayari kupoteza nini ili akipate. Anayepoteza kizito zaidi anashinda, na hakimu wa kila mmoja ni mpinzani wake.

Naanza. Bibi Shoka anataka lango lifungwe usiingie. Anatoa farasi wake mweupe. Mzee Koroma, mlinzi wa lango, yuko vilevile, amelala kwenye kigoda, kama kawaida hana anayemcheza.

Haya, jibu.

Dada yako

---

Tarehe 19 Machi

Shikamoo dada,

Mimi mzima kabisa, nguo tu ndizo zinanuka hamira. Mpe mama pole ya miguu.

Sita zote zilikuwa za kweli, haki ya Mungu, isipokuwa ile iliyoingia chini ya gunia la unga nikaikisia. Lakini njia yako nimeipenda. Nimeifikiria siku nzima hadi nikaunguza mikate ya hospitali, msimamizi akaniuliza kama nina mchumba.

Nyakua anataka kuingia mjini. Nilitaka atoe vidole viwili, nikajua utasema mwizi anavyo vingine vinane. Basi anatoa uongo wake. Kuanzia leo akifungua mdomo ni kweli tupu, hata akiulizwa na askari. Pima mwenyewe.

Jambo jingine: mwokaji mkuu anastaafu, na macho yote yananitazama mimi. Usimwambie mama bado. Atamtangazia hata yule jirani wa kushoto anayegombana naye kila siku.

Mdogo wako

---

Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku hatujambo.

Mwizi bila uongo! Nilikaa na barua yako nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Farasi nitapata mwingine, lakini yeye atakula nini? Umeshinda, pita. Mzee Koroma hata hakugeuka.

Na mimi nina habari. Kile chuo cha ushonaji, kule mjini, kimeniita nikafundishe kuanzia Julai, na nyumba ya kukaa wananipa. Nilisoma barua yao nimesimama mlangoni, nikacheka peke yangu. Naitaka kazi hii, mdogo wangu, sitakuficha.

Lakini mama je? Mwezi uliopita aliteleza karibu na bomba, akakaa chini hadi nikarudi. Peke yake hawezi. Na kuhama hahami, unamjua. Kwa hiyo lazima mmoja wetu awe hapa, mimi au wewe. Sitaki tugombane, wala sitaki bahati itupangie. Tufanye kama kwenye lango. Tarehe mosi Mei kila mmoja aandike anataka nini na anapoteza nini, atume bila kungoja ya mwenzake.

Mama hajui lolote. Yuko hapa anashona vifungo na kuimba.

Dada yako

---

Tarehe 1 Mei

Mdogo wangu,

Afya njema, namshukuru Mungu.

Nataka uwe mwokaji mkuu. Napoteza chuo. Usinihurumie, sare za shule haziishi.

Dada yako

---

Tarehe 1 Mei

Shikamoo dada,

Mimi mzima. Mwenzio Nyakua hawezi kusema uongo tena, na leo mimi pia siwezi. Tanuri hili nalipenda. Alfajiri mkate ukitoka naona kama nimefanya jambo la maana duniani.

Nataka uende chuo. Napoteza tanuri. Nitarudi nyumbani Juni.

Mdogo wako

---

Tarehe 20 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua zimepishana njiani, sasa ona! Hakimu wako ni mimi, na nasema chako ndicho kizito. Lakini nikisema hivyo umeshinda, unabaki kupinda sare, na mimi sitaki ushinde. Na wewe najua utasema changu ndicho kizito. Njia yako haikuwaza watu wawili wanaogombania kushindwa.

Nifanyeje? Meneja anataka jibu langu kuhusu kazi ya mwokaji mkuu.

Mdogo wako

---

Tarehe 2 Juni

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Mimi mama yako sijambo, na miguu leo imeamka vizuri. Dada yako anasomea begani kwangu. Nimemwambia anyamaze, hii si zamu yake.

Kanisomea barua yako ya mwisho huku machozi yanamtoka, nikamwambia alete na zile nyingine zote. Jamani nyie watoto! Mmenipigania kama lango la mji, mmoja huku mmoja kule, na lango lenyewe hakuna aliyeliuliza. Eti mama hahami. Aliwaambia nani?

Yule Mzee Koroma, kwa kuwa hana mwenyewe, namchukua mimi. Mlidhani sijui? Nyie mlikuwa chini ya meza, mimi nilikuwa juu yake nashona, nasikia kila kitu. Hata huo mkoromo wake mliuchukua kwangu.

Basi mlinzi anasema anachotaka. Nataka kwenda na dada yako huko chuoni, nipate chumba chenye dirisha la barabarani, nione watu wakipita. Na wewe nataka ushike hilo tanuri, meneja ajibiwe leo leo.

Ninachopoteza ni hiki. Nyumba hii, tutaipangisha. Ile meza, maana haipiti mlangoni, sijui baba yenu aliiingizaje. Na jirani yangu wa kushoto. Tumegombana tangu hamjazaliwa, kuhusu maji, kuku, moshi, hata kivuli cha ukuta. Jana nilimwambia naondoka. Akaniuliza sasa yeye atagombana na nani, halafu akalia. Na mimi nikalia. Tulipomaliza tukagombana kidogo nani aliyeanza kulia. Mwanangu, sikujua kama yule mwanamke ni mzito namna hii. Najiuliza huko niendako nani atanijibu.

Nakupimia ukweli, sikisii kama ulivyoikisia dadu yako chini ya gunia. Hakimu ni wewe, kwa sababu dada yako ameshaanza kukunja mashuka. Kama changu ndicho kizito, nimeshinda mimi, nanyi mmeshindwa wote wawili kama mlivyotaka.

Mlinzi kaamka, wanangu. Nimefungua lango. Piteni, na mimi napita.

Mama yenu