Jua la Ng'ombe wa Baba

Mbulu Mjini,
Manyara.
24 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Tito,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, nimeitikia mapema ili tusicheleweshane. Habari za huko Oulu? Kifua kimepona? Unaivaa ile sweta niliyokufumia, au umeificha sandukuni kwa sababu mkono mmoja ni mrefu? Sisi huku ni wazima. Ukungu unatukalia mpaka saa tatu asubuhi, mahindi tumeshapanda, na shemeji yako Theodory bado anakoroma kama kawaida yake.

Jambo kubwa ni macho ya Baba. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mwezi uliopita na sasa linaona vizuri. La kushoto daktari alisema lisubiri wiki chache, lakini lisipofanyiwa mwaka huu tutalipoteza. Kwa hiyo Baba alitakiwa akae hapa kwangu. Wewe unamjua. Siku ya pili tu alikuwa ameshakunja blanketi lake, anauliza basi la Katesh linaondoka saa ngapi.

Kinachomvuta ni ng'ombe. Kule nyumbani Gehandu, jua likichomoza yeye husimama mlangoni mwa boma na fimbo yake, anawaombea wanapotoka. Hapa anaamka, anatoka nje, anakutana na ukungu mtupu. "Jua limetoka nyumbani?" Mimi nitajuaje? Kaka Gidahosh ndiye yuko na ng'ombe, na simu yake inashika mtandao siku inayotaka yenyewe.

Nikaikumbuka ile programu huria ya hali ya hewa uliyonionyesha, ile ambayo yeyote anayejua kuandika programu anaruhusiwa kuifungua na kuongeza chake. Ilikuwa inajua miji mikubwa tu. Kwake yeye Hanang nzima ilikuwa ni Arusha, na habari za kuchomoza kwa jua haikuwa nazo kabisa. Basi nikimaliza kufundisha kompyuta pale shuleni, nabaki nayo. Nikaongeza sehemu ya mtu kuweka mahali pake mwenyewe, hata kama hapana jina kwenye ramani, pamoja na hesabu ya saa ambayo jua litachomoza pale. Mara ya kwanza nilisahau alama ya kutoa kwenye namba za kusini mwa ikweta, Gehandu yetu ikahamia karibu na Turkana. Usicheke, na wewe ungesahau.

Ilipokaa sawa, Baba alitulia. Asubuhi namsomea, anageukia upande wa Hanang, anaomba, anakunywa chai. Nikajiona fundi.

Halafu Gidahosh akapata mtandao. Kumbe ng'ombe walishapelekwa kulamba chumvi, kule Ziwa Balangida, na wanalala hukohuko. Baba aliniangalia kwa lile jicho jipya, nikatamani kujificha. "Scolastica, umenisomea jua la boma tupu." Nikamweleza kwamba tofauti ya jua la Gehandu na la Balangida haifiki hata dakika. Wapi! Blanketi likakunjwa tena. Nami nimeishi na wakulima mpaka nimeanza kuamini kwamba nyumbani maana yake ni nyumba.

Nikarudi kwenye programu. Nikafanya "nyumbani" paweze kuhama: Gidahosh akibonyeza kitufe pale ng'ombe walipolala, simu yake ikipata mtandao tu, huku kwangu mahali panabadilika, jua na mvua vinafuata. Nikawapelekea wasimamizi wa programu, watu ambao sijawahi kuwaona. Mmoja akauliza kwa adabu kwa nini mtu mwingine aruhusiwe kuhamisha nyumbani kwangu. Nikamjibu kwamba kwa baba yangu, nyumbani ni pale ng'ombe walipolala jana. Wakanyamaza siku kadhaa, nikajua wamenitupa. Kisha mwingine, anayefuga nyuki na kuhamisha mizinga kufuata maua, akaandika kwamba na yeye anaihitaji sana. Ikapita. Sasa imo, Tito, na jina langu limo. Nilifurahi mpaka nikamfuata Theodory shambani kumwambia.

Baba akakubali kukaa, lakini jicho la kushoto akaendelea kulikatalia. Alisema moja linamtosha kwa ng'ombe. Tulimbembeleza mpaka tukachoka. Niliogopa, sikufichi.

Wiki iliyopita, nilipomaliza kumsomea, akauliza, "Na kwa Tito?" Unajua Baba si mtu wa kuulizia watoto. Nikaiweka Oulu. Jua lenu linatoka saa nne na ushei kwa saa zetu, na kabla ya saa kumi limeshazama. Akauliza kama una taa. Nikamwambia taa zipo, tena nyingi. Tangu hapo kila asubuhi anasomewa mara mbili, ng'ombe kwanza, wewe wa pili. Usinune, zamani hukuwemo kabisa.

Theodory anakusalimu. Loveness na Kelvin wanamwamkia mjomba wao na wanauliza kama theluji inaliwa. Gidahosh naye anasema mtamba wako amezaa jike. Mungu akulinde katika hilo giza, akupe joto na watu wema wa kukaa nao.

Salamu za Baba nimeziacha mwisho kwa sababu ni ndefu kuliko kawaida yake. Jana amekubali jicho la kushoto, tunaenda Alhamisi. Nilipomuuliza kilichombadilisha, akasema nikuandikie hivihivi: "Ng'ombe nawajua hata kwa sauti. Tito sura yake imenipotea. Aje niione kwa macho yote mawili."

Njoo, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Scolastica