Jina la Kumi na Moja

Newala, Alhamisi

Dada yangu mpendwa Dorika,

Shikamoo. Habari za hapo Chiungutwa, na goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila Newala maji bado yanatutesa. Leo makamu mkuu wa chuo mzima nimeogea nusu ndoo. Najua unacheka.

Tawi letu jipya la chuo hapa Newala limekamilika. Muhula wangu wa uongozi unaisha Desemba, na katika yote niliyofanya hakuna linalonifurahisha kama hili: darasa la maandalizi ya chuo kwa watu wazima waliokosa sekondari. Baraza lilitaka wanaochelewa kuripoti wafutwe. Nikawaambia huku watu wako mikoroshoni, mlango utabaki wazi mpaka korosho ya mwisho iokotwe. Walinung'unika, wakapitisha. Sasa wananisifu kwamba nina huruma.

Nilipoiona fomu yako ya kuomba nafasi nilishangilia hadi katibu wangu, Flora, akadhani nimepata mjukuu. Kisha raha ikaniisha.

Unakumbuka barua zilivyokuwa zikija kanisani, katekista akisoma majina baada ya ibada, na mwenye jina au ndugu yake akiitika? Mwaka uliomaliza la saba hukuwamo kwenye orodha ya kwanza. Ulilia, ukarudi shambani. Jumapili moja ukabaki nyumbani na homa, katekista akaita Dorika. Nikaitika mimi. Lilikuwa chaguo la pili, dada. Ulikuwa umeitwa sekondari. Nilikuwa na miaka tisa, na nilichowaza ni kwamba ukiondoka nitabaki peke yangu na mikorosho yote ile. Niliitia barua jikoni, motoni. Halafu miaka ikapita, ukaokota korosho wewe ili nisome mimi, nami nikanyamaza. Nimeona aibu kila siku niliyoitwa profesa.

Sikupiga simu kwa sababu ningekusikia ukinyamaza, nami nisingeweza kumaliza.

Jumatatu, darasa likifunguliwa, nitasoma majina ya wanafunzi mwenyewe. Lako ni la kumi na moja. Nafasi ni yako, unisamehe usinisamehe. Mwanao Zabroni akulete mapema kwa bodaboda, aendeshe taratibu kwa ajili ya goti. Msalimie sana, na majirani wote.

Nikifika kwenye jina lako nitalitamka kwa sauti, kisha nitasubiri. Safari hii itika mwenyewe.

Mdogo wako,
Isabela