Ua la mama mukwe

Jumanne, nyuma ya mvua

Na minyi mwenye nilifika mpaka Lusaka na Dar, leo ua moja tu imenishinda!

Mama mukwe anaumwa tumbo, siku ya ine sasa. Anataka mizizi ya muti moja ya mu mushitu, kule udongo haukauke. Lakini muti ile iko na mwenzake ya sumu, majani sawasawa. Ua njo inaonyesha gani ni dawa. Nikajipiga kifua: "Maua ya huku yote ninayajua!"

Kumuuliza uso kwa uso, kwetu mukwe mwanaume hawezi, njo heshima. Bibi yangu, binti yake, njo alileta maneno: ua nyekundu, katikati manjano. Basi. Asubuhi yote nikaangalia juu ya matawi, shingo inauma. Nikarudi bure.

Mama mukwe akacheka nyuma ya ukuta: "Umwambie ule mukubwa wa safari, ua inatoka mu udongo, mbali na majani. Alikuwa anaikanyaga!"

Nikaangalia viatu. Kweli, nyekundu.

"Ah, papa, nilisahau kukuambia," bibi anasema. Anasahau!

Halafu kicheko kikakatika, nikasikia mama analia na tumbo.

Heshima ya namna gani hii? Kesho mapema, mbele ya kurudi mu mushitu, nasimama ku dirisha yake, namuuliza alama zote minyi mwenyewe. Jamaa bakasirike.