Beki Tatu wa Ipogolo

Mpendwa Mama Gwakisa, nisaidie kabla ya Jumamosi, mimi ni mchezaji mpira, umri miaka thelathini na nne, beki wa kushoto, jezi namba tatu, nimezunguka timu saba kwa miaka kumi na miwili, Songea, Sumbawanga, Njombe, Tunduma, nyingine nimesahau hata rangi zake, Ligi Kuu sijawahi kufika ila kila msimu nilijiona nimefika, na mke wangu Mwantumu, fundi cherehani wa Ipogolo kule Iringa, amenivumilia muda wote huo. Tulipooana aliwatania wenzake kwamba anaolewa na beki tatu, jina ambalo mtaani ni la msichana wa kazi za ndani, kwa hiyo deki na vyombo ameshapona, wakacheka sana, lakini Mama, sijawahi kumfagilia hata uwanja.

Sasa nipo Iyunga, Mbeya. Mwezi wa nane kocha Danieli aliniambia kwa upole kwamba miguu yangu imechoka, timu ikaniacha, nami Mwantumu sikumwambia. Kila asubuhi navaa viatu vya mpira naenda kukaa nyuma ya goli, ukungu umeshuka hadi goli la pili hulioni, unasikia tu watu wakiitana, na humo ndani nasikia kabisa mtu anasema, "Makame, panda," nami napanda na mpira pembeni, mwepesi, umri sina, mpaka treni ya Zambia ipige honi na kumbe nimekaa palepale, suruali imelowa umande. Jioni akipiga simu namsimulia mechi hiyo kama nilivyoiona, anafurahi, nami nafurahi naye.

Wiki iliyopita akasema, "Jumamosi nakuja kukuona ukicheza. Nimeshona gauni la rangi za timu, namba tatu mgongoni." Hajawahi kuniona uwanjani hata siku moja. Nimsingizie goti, au nimwombe kocha anikalishe benchi na jezi? Nimechanganyikiwa.

Makame, Iyunga

Makame, pole. Ile sehemu ya ukungu nimeirudia kwa raha zangu, maana nimezaliwa Mbeya na ukungu ule naujua. Kuachwa na timu si kosa, na kukaa nyuma ya goli ukiota si kosa pia. Kosa ni kumsimulia mwenzio ndoto kama habari, miezi mitatu mizima, halafu sasa unataka kuongezea na goti. Goti lako liache na uzima wake, na kocha wa watu mwache apumzike.

Mwanaume mzima unaogopa gauni? Hebu lifikirie vizuri. Mgongoni Mwantumu hakuandika jina la timu. Ameandika tatu, na tatu ni wewe.

Mpigie leo, kabla hajakata tiketi. Mwambie timu ilikuacha tangu mwezi wa nane na kwamba ulimdanganya, kisha nyamaza. Akinuna, ana haki, usimkatize. Halafu funga begi, Jumamosi atakayekuwa kwenye basi awe wewe. Kazi mtaitafuta pamoja, hata Iringa kuna timu za mtaani zinazomhitaji mtu anayejua beki anasimama wapi.

Ukifika, vaa jezi na viatu vyako, mwombe naye avae gauni lake akae mlangoni. Kisha shika ufagio. Amesubiri miaka kumi na miwili kumwona beki tatu wake uwanjani.