Meno Manne ya Pete

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Baba naye mpe shikamoo yake, ila barua hii usimsomee mpaka uimalize kwanza mwenyewe. Natumaini mgongo umetulia na kikohozi cha Baba kimepungua. Mimi ni mzima, mzima kabisa kuanzia utosini hadi kisiginoni, na nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu jana nimepokea mfuko wako wa karafuu, chumvi ya kusukutulia, na maneno yako ya pole. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mama, meno yangu yote yapo!

Kosa ni langu. Nilimpigia Mjomba nikamwomba akwambie kwamba meno matatu yamekwisha, la nne limevunjika, na kwamba nimepata fundi wa kuweka mapya. Neno pete sikuthubutu kulitaja, maana Mjomba unamjua, hana kifua. Jioni hiyohiyo Baba angeshajua kila kitu. Nikadhani wewe utaelewa. Kumbe vile vishikizo vidogo vinavyolibana jiwe la pete, mafundi peke yao ndio huviita meno, na mimi nimeshazoea kuongea kama wao. Ndiyo maana ukanililia kinywa badala ya pete.

Najua bado umefunga kile kitambaa kidoleni, na Baba bado anaambiwa ulijikata ukimenya viazi. Miezi mitano, Mama! Kidonda gani hicho kisichopona wala kuoza? Lakini sikucheki. Nakumbuka ulivyochekecha unga wote wa nyumbani na kuchokoa bomba la jikoni kwa waya siku jiwe lilipopotea. Nakumbuka ulivyoniambia kwa sauti ya chini kwamba Baba aliinunua ng'ambo kwa mshahara wake wa kwanza wa melini, na kwamba akijua ataona hukuithamini. Ulinikabidhi pete ikiwa imefungwa ndani ya soksi, ukaniapisha nisirudi nayo ikiwa na tundu. Basi kaa vizuri kitini: tundu halipo tena! Jiwe limeingia, limekaa, linang'aa!

Halikuingia kirahisi. Sonara wa kwanza alitaka kubandika jiwe la mviringo kwenye tundu la pembe nne. Nilipolitazama nikaona aibu kwa niaba yake. Wa pili akashauri pete iyeyushwe yote ianzwe upya, nikamnyang'anya mkononi. Wa tatu akasema vitu vya ng'ambo virudishwe ng'ambo, akaendelea na chai yake. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa mwanamama mmoja mwenye karakana nyuma ya duka la vitambaa, chumba kimoja chenye meza iliyokatwa nusu duara na ngozi iliyoning'inizwa chini yake kudaka vumbi la dhahabu. Wote wanamwita Fundi Taratibu, kwa sababu ndilo neno analolisema kuliko yote.

Aliiweka pete chini ya kioo chake cha kukuzia, akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama mwenye nayo ni mchapakazi. Nikamwambia hujui kukaa. Akanieleza kwamba meno yamelika kwa miaka ya kukanda, kufua na kusugua masufuria, mpaka yamekuwa membamba kama uzi, na kwamba hata ungekuwa malkia wa uangalifu jiwe lingetoka tu. Nikamwomba arudie, ili nikuandikie vilevile alivyosema. Haikuwa uzembe wako, Mama. Ulivaa pete mpaka ikachoka, na kwa maneno yake, hiyo ndiyo heshima ambayo pete chache huipata.

Tatizo likawa jiwe. Kipimo kile hakikatwi kwetu. Alikuwa na kopo la mawe yaliyotolewa kwenye vito vilivyovunjika, akaniruhusu nichambue mwenyewe. Kila mchana, wenzangu wa ofisini wakienda kula, mimi nakimbilia kwenye kopo. Siku ya tisa nikalipata, la bluu, pembe zimekatwa kama la kwako, nikapiga kelele mpaka watu wa duka la vitambaa wakaja kuuliza nani ameungua. Ila hilo silo lililomo. Hilo lilipasuka wakati wa kubanwa, na ilichukua wiki mbili nyingine kupata la pili. Bluu yake imekoza kidogo kuliko ya zamani. Sitaki kukudanganya, tofauti utaiona.

Sasa, Mama, shika moyo. Aliyelipasua lile la kwanza ni mimi. Na aliyeliweka la pili ni mimi.

Fundi aliniona ninavyomtazama mikono, siku moja akanipa koleo nishike waya. Siku nyingine akanipa tupa ya kusugulia. Saa moja ya chakula ikarefuka ikawa saa mbili nzima, na mwezi uliopita nikaandika barua ya kuacha kazi. Sikufukuzwa, nimeondoka mwenyewe kwenye ile ofisi uliyonitafutia, ukaenda mara sita kumbembeleza mkuu wake, ukawatangazia majirani wote. Kila nilipotaka kukuandikia, nilikuona ukimwambia mtu njiani kwamba mwanao ana meza yake na muhuri wake, nikaiweka kalamu chini. Nimeogopa, na bado naogopa. Lakini jino la kwanza lilipolala juu ya ukingo wa jiwe bila kuteleza, nilifurahi kwa namna ambayo sijafurahi tangu nimalize shule. Fundi hakugusa kitu. Alikaa pembeni na taratibu zake.

Unaweza kuniambia nirudi ofisini, na sitakujibu vibaya. Ila pete siitumi. Sheria ya karakana hii ni kwamba pete haikabidhiwi kwa posta wala kwa mkono wa mtu mwingine, hata Mjomba. Mwenyewe anakuja, anaivaa hapahapa, anakunja ngumi, halafu anapitisha mkono kwenye soksi nyembamba. Uzi ukinasa popote, kazi ni mbovu na aliyeifanya anaanza upya. Usiponasa, anahesabiwa fundi. Kwa hiyo si Fundi Taratibu atakayesema kama mimi ni sonara. Ni wewe.

Ukifunga safari Baba atauliza unakwenda wapi. Mwambie ukweli, kisha umwambie aje naye. Nataka aone alichokileta kutoka mbali kikirudi mkononi mwako kwa kazi ya mwanawe.

Wasalimie wote wa nyumbani, na jirani wa mlango wa pili mwambie kitambaa alichoniagiza nimekinunua. Mjomba msalimie, lakini usimweleze kitu. Kituo cha basi kiko mkabala na soko, karakana inafunguliwa asubuhi, na kiti chako nimeshakifuta vumbi. Njoo, Mama. Njoo na kidole chako.

Mimi kitindamimba wako,
Chiriku