Konokono wa Bwawani

Jumatatu, 1 Juni 1964
Darasa la nne, somo la maumbile, bwawani. Mvua imepungua, maji yametulia. Watoto waliingia mpaka magotini. Wakaja na viluwiluwi, mizizi ya yungiyungi, konokono tele kwenye mikebe ya maziwa. Nikawaeleza nani anamla nani. Niliisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Ndivyo ilivyo tangu binti yangu Fatuma alipofariki kwa surua mwaka jana. Nafundisha, narudi, nafua, nalala.
Mwanasiti hakuja. Wiki ya pili sasa. Hakuna achoraye kama yeye. Jani atakupa na mishipa yake yote.

Jumatano, 3 Juni
Nilimwuliza binamu yake tukiwa peke yetu. Akatazama chini. Akasema Mwanasiti amevunja ungo, yumo ndani, nyanya yake hamruhusu kutoka. Mtoto wa miaka kumi, labda kumi na mmoja. Mjomba wake amekwisha kumpatia mume: mnyapara wa mashamba ya miwa, Ramisi, mwenye mke tayari. Nikahi ni mwezi ukiandama.
Nikamweleza mwalimu mkuu. Alisema tusiingie nyumba za watu, wazazi wenyewe bado wanaitazama shule kwa jicho la pembeni. Huenda ana haki. Sikuona hasira wala huzuni. Nikasahihisha madaftari.

Ijumaa, 5 Juni
Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 8 Juni
Bwana Afya alifika kwa baiskeli kutoka Msambweni. Kijana wa bara, Kiswahili chake cha mkato, lakini mpole. Aliwauliza watoto nani anakojoa damu. Wavulana wengi wakanyoosha mikono, wakicheka. Kwao ni fahari. Nyumbani huambiwa ndiyo dalili ya kubalighi. Wasichana hawakusogea.
Akachukua konokono katika mkebe wetu pale dirishani. Alisema ugonjwa wa kichocho hutoka kwa huyu. Vijidudu vyake huelea majini, humpenya ngozi anayeingia, kisha damu hutoka na mkojo. Kwa wavulana na kwa wasichana, sawasawa.
Kwa wasichana sawasawa. Nikamkumbuka Mwanasiti.
Na mimi ndiye niliyewaambia waingie majini. Walikuwa wakioga humo kabla sijaajiriwa hapa. Nimeyaandika haya nijitulize. Sijatulia.

Jumanne, 9 Juni
Nilikwenda kwa Bi Mwanatumu, nyanya yake Mwanasiti. Nilimkuta akikuna nazi. Nikampa shikamoo, nikakaa jamvini, tukaulizana hali mpaka hali zikaisha. Mtoto alikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia akipumua.
Nikamweleza habari ya konokono. Alinisikiliza bila kuacha kukuna. Akasema amewaweka ndani wari wengi, hahitaji kufunzwa damu na mwalimu wa skuli.
Nikasema, "Nyanya, damu ya mwezi huja ikakatika. Hii imekatika?"
Mbuzi ya nazi ikanyamaza.
"Haijakatika," akasema. Kisha, polepole, "Na analia akienda haja ndogo."
Nikamwomba jambo moja tu. Mtoto akojolee bakuli jeupe, na atazame yeye mwenyewe, si mimi. Nikaaga.

Jumatano, 10 Juni
Bi Mwanatumu alikuja kwangu alfajiri, amejitanda kanga mpaka machoni. Hakukaa. Alisema ni mkojo. Mkojo mwekundu, na mahali pengine popote hakuna doa. Alisema, "Nilimpigia vigelegele, mwanangu. Mtoto mgonjwa, nami nampigia vigelegele."
Nikafunga mlango, tukamchukua Mwanasiti, tukashika njia ya hospitali.

Ijumaa, 12 Juni
Mwezi umeandama jana. Hakuna nikahi.
Mjomba alikuja shuleni. Akasimama mlangoni mwa darasa, watoto wote wakisikia. Alisema nimemvunjia uso mbele ya watu wa Ramisi. Alisema neno lake lilikuwa limekwisha kutoka. Mwalimu mkuu alibaki ofisini. Nilikiona kivuli chake dirishani.
Kisha mjomba akasema, "Wako alikufa. Sasa wawataka wa wenzio."
Nikamjibu, "Wangu alikufa. Huyu yu hai."
Akageuka akaenda zake. Nikamalizia sehemu za ua: stameni, petali, chavua.

Alhamisi, 18 Juni
Sindano za kichocho ni kali. Mwanasiti anatapika kila akidungwa. Wavulana nao wamepelekwa, hawacheki tena. Mama mmoja aliniambia nimewapelekea watoto maradhi kisha nimewapelekea sindano. Nusu yake ni kweli.

Jumamosi, 20 Juni
Bwana Afya na watu wake walimimina dawa bwawani. Alisema hapana budi. Kufika adhuhuri konokono wamekufa. Na samaki, wameelea matumbo juu, na vyura pia. Hilo hakunieleza, au alinieleza sikusikia. Watoto walisimama ukingoni wakilia. Mmoja aliniuliza kama yungiyungi nalo litakufa. Nikamwambia sijui.
Nilitaka kulia nao. Halikuja chozi.

Jumamosi, 27 Juni
Mjomba na Bi Mwanatumu wamesikizana. Si kwamba ndoa imefutwa. Inangoja mtoto apevuke kweli, na safari hii nyanya ndiye atakayesema lini. Aliniambia haya sokoni, akichagua mihogo, kama anayesimulia habari ya mvua. Akaongeza kwamba macho yake yamedhoofu sana siku hizi, huenda asiione siku hiyo ikifika upesi.
Mwaka, basi. Pengine miwili. Sikutarajia hata huo.

Jumatatu, 6 Julai
Mwanasiti amerudi darasani. Amekonda, sare inampwaya. Wenzake walimsogelea kisha wakamzoea. Tulifanya mbegu: kunde kwenye pamba yenye maji, na nje ya darasa tu, bwawani hatuendi. Alianza kuchora kunde yake. Kabla hajamaliza akalala, shavu juu ya meza.
Mwalimu mkuu alipita, akamwona, akaniangalia. Nikaweka kidole mdomoni. Akapita.
Nikaendelea kufundisha kwa sauti ya chini. Na wao wakajibu kwa sauti ya chini.