Koti Lako na Winchi ya Minza

Baba Minza wangu,

Mwangaluka. Huku kumekucha, mvua imepumzika, na nje ya dirisha langu imesimama pikapu yako ikiwa na winchi mpya kwenye bampa. Najua hapo umeshashtuka. Mimi niliyesema mbele ya waombolezaji wote kwamba kitu kinachoitwa winchi hakitaingia tena uani kwangu, nimekwenda mwenyewe Shinyanga mjini, nimeichagua mwenyewe, na nimerudi nayo nimeipakata. Basi nisikilize, maana nimechoka kuyazungumza haya na ukuta.

Unaikumbuka ile ya kwanza? Uliitoa kwenye gari bovu lililokuwa likifunguliwa spea kule Kahama, ukaja nayo imefungwa kwenye khanga yangu, na grisi ya siku ile haijatoka kwenye khanga hiyo mpaka leo. Hukutaka hata kula. Ulifunga waya wake kwenye mwarobaini wa uani, ukabonyeza swichi, na gari likaanza kutambaa lenyewe kuufuata mti, wewe umesimama kando na uso wa bwana harusi. Nilikuambia kwamba kama ungekuwa unaniangalia mimi hivyo ningenenepa. Minza, wakati huo bado wa sare za shule, alitaka kuushika waya. Ukamzuia, ukavua koti lako la kaki, lile zito la mifuko mikubwa, ukalitupia juu ya waya, katikati.

"Waya ukikatika unarudi kwa hasira," ukamwambia. "Koti linaukalisha chini. Bila koti, hakuna kuvuta."

Tangu siku hiyo koti likahamia nyuma ya siti na hukulivaa tena, hata baridi ya alfajiri ilipokung'ata. Nilikuwa nikikutania kwamba winchi yako inavishwa vizuri kuliko mkeo. Ulicheka ukasema mke ana akili za kukwepa, waya hauna.

Ya siku ile ya mwisho sikuyaona. Niliyonayo nimepewa na Mama Sayi, aliyekuwa abiria kwenye lori lililozama mbugani, ng'ambo ya Runzewe, kwenye ule udongo mweusi ambao ukishashika tairi hauachii. Lori lilikuwa limejaa watu na magunia, mvua inanyesha, na yeye amesimama pembeni na mwanawe mwenye homa, mtoto anatetemeka. Wewe ulikuwa unapita tu. Ukasimama, ukatoa koti nyuma ya siti, ukamfunika Sayi. Halafu ukafunga waya kwenye lori, ukaanza kuvuta. Winchi ile ilikuwa ya kuvuta pikapu tupu. Waya ulikatika.

Ulianza kuletwa wewe, koti likafuata siku ya matanga, limefuliwa na kukunjwa vizuri. Mama Sayi alinikabidhi kwa mikono miwili. Nililipokea na kulifungia sandukuni, na toka hapo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Nilikukasirikia sana, mume wangu. Nilitamani siku ile ungekuwa mchoyo, kwa muda ule tu wa kuvuta gari moja. Kisha Mama Sayi akapita kunisalimia, mwanawe akanipa shikamoo, kakua, ana pengo mbele, na nikaona aibu kwa yale niliyokuwa nikiyatamani. Hata hivyo hasira haikuisha. Inakuja na masika, na ikifika sina wa kumgombeza.

Sasa anayeendesha ni Minza. Anachukua dagaa Nkome na unga Runzewe, anapeleka kwenye rashi, kule dhahabu inakochomoza leo na watu wakahamia kabla hata njia haijachongwa. Ana ubishi wako wote, na kwenye tope anang'ata ulimi kama wewe. Masika haya alikwama mbugani. Alingoja kutwa nzima, hakuna gari lililopita, akarudi kwa miguu ana tope mpaka kwenye nywele. Hakulia. Alikunywa chai, akaniambia anataka winchi. Nilikataa kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Akasema ameshaona moja kuukuu Runzewe, kwenye vyuma chakavu, na mwenyewe yuko tayari kumuuzia.

"Mama, kwenda nitakwenda tu," akasema. "Wewe amua niende na winchi gani."

Hapo ndipo aliponiweza. Kesho yake tulikuwa Shinyanga kwa Mama Zehra, yule mama wa Kihindi wa duka la spea uliyekuwa ukibishana naye mkanda wa feni mpaka mnasahau bei. Alinipa pole upya, kana kwamba msiba ulikuwa wa wiki iliyopita, kisha akauliza gari lina uzito gani. Nikamtajia uliomo kwenye kadi. Akatikisa kichwa, akasema huo ni uzito wa gari tupu, na gari tupu halimpeleki mtu machimboni. Akataka kujua magunia ya unga, madumu ya maji, vichwa vya watu.

"Na tope je, Mama Minza?" akaniuliza. "Tope nalo linavuta, upande wake."

Nilikuwa nalitazama lile lori la mbugani ambalo sijawahi kuliona. Halafu akatuonyesha inayotufaa, yenye nguvu kupita gari likiwa limeshiba mzigo, mara moja na nusu yake, na akaonya kwamba itakula umeme, kwa hiyo betri ya zamani istaafu. Kwa hayo tulielewana. Ugomvi ulikuja kwenye waya na kamba, ile ya nyuzi za plastiki ngumu inayofungwa siku hizi badala ya waya.

Minza alitaka waya. Alisema kule kwenye mawe makali na jua kamba itasagika, na mchanga wa tope ukiingia katikati ya nyuzi utaila taratibu. Mama Zehra hakumpinga, alisema kamba ni kama mtoto mchanga, inataka kuogeshwa na kufunikwa. Ila ikikatika haichapi kama waya. Akaniwekea vyote mezani nivishike. Kamba ilikuwa nyepesi mkononi. Waya niliugusa kwa kidole kimoja, nikaurudisha mkono, na wote wawili wakaniona.

Minza hakubisha tena. Alisema, polepole, kwamba ataiosha kamba kila safari. Nikamwambia nitaikagua mwenyewe, na nitaikagua.

Jana fundi alimaliza kuifunga. Minza akataka kuijaribu palepale uani, akafunga kamba kwenye mwarobaini uleule. Nikamwambia asubiri. Niliingia ndani, nikafungua sanduku. Nilidhani ningekuta harufu yako, nikakuta ya sabuni ya Mama Sayi. Nililia kidogo, kisha nikatoka na koti.

Aliliangalia, akanyoosha mikono kama anayetaka kulivaa.

"Si la kuvaa," nikamwambia. "Kamba au waya, bila koti hakuna kuvuta."

Akalitandika katikati ya kamba, akanisogeza nyuma kwa mkono kama ulivyomsogeza yeye, akabonyeza. Gari likatambaa. Koti likakaa pale juu, mikono yake imening'inia pande zote mbili, na mimi nikalitazama mpaka mwisho.

Nilitaka kumwapisha kwamba koti hilo halitoki kwenye kamba, hata atokee nani anayetetemeka. Sikumwapisha. Ni mwanao. Atasimama mvuani kama ulivyosimama, na mtoto wa watu hatamwacha na baridi, na mimi, Mungu anisamehe, sitaki awe mtu wa kumwacha. Kwa hiyo nilirudi ndani, nikatoa blanketi kitandani, upande wako, nikalikunja na kuliweka nyuma ya siti.

Ameondoka leo alfajiri kwenda Nkome kwa lori la watu kukagua dagaa, kesho ataifuata pikapu. Nimetoka mara mbili kuhakikisha. Koti lipo, la kamba. Blanketi lipo, la watoto.

Lala, Baba Minza. Safari hii hana haja ya kuchagua.

Mkeo,
Mama Minza